Injini Kuukuu ya Mashua: Itunze Ikutunze

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaiandikia insha na kupata alama nzuri. Lakini maana yake kamili niliijua siku niliyokuwa katikati ya Ziwa Viktoria, nimeshika bakuli la plastiki, nachota maji kuyatoa ndani ya mashua.

Ndugu msomaji, najua utaniuliza: Marani na injini ya mashua, wapi na wapi? Kwetu sisi ni milima, migomba na majani chai. Mito yetu twaivuka kwa daraja, tena wengine huruka kwa mawe. Ni kweli. Lakini zile omena unazokula na ugali hazikuchumwa shambani. Zimetoka ziwani, na ndizi zetu nazo huenda huko huko kutafuta soko. Hata maji ya vijito vyetu mwisho wake ni humo ziwani. Kati ya ndizi yetu na omena yao pana mashua ya mbao yenye injini nyuma, na aghalabu injini hiyo ni kuukuu.

Mjomba wangu alihamia Mbita kwa biashara miaka mingi iliyopita. Mama humtumia mikungu ya ndizi kutoka hapa, naye huivusha hadi kisiwa cha Mfangano, ambako huwezi kufika kwa matatu. Likizo moja ya Agosti nilikwenda kumsaidia. Mashua yake ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 15 iliyokwisha kupita mikononi mwa wenyewe wawili kabla yake. Kwa siku tatu mfululizo niliona kile kijitiririko cha maji kinachotoka pembeni mwa injini kimekuwa chembamba kama uzi. Nikamwuliza, "Mjomba, hii maji mbona imepungua?" Akanijibu, "Mpwa wangu, tutaangalia kesho. Leo ni siku ya soko."

Kesho hiyo haikufika. Siku ya nne tulipakia mikungu thelathini na abiria wawili. Kisiwa cha Takawiri kikiwa mbele yetu, injini ilibadilisha sauti. Tukasikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha kelele, kisha kimya. Mjomba akavuta kamba. Haikusogea hata kidogo. Upepo wa alasiri ulikuwa umekwisha kuanza na mawimbi yakawa yanatumwagia maji. Tulikuwa na kafi moja tu. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwapo, lakini zilikuwa ndani ya gunia chini ya mikungu! Abiria mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, hakupiga kelele hata mara moja. Alinyamaza tu akiniangalia, nami niliogopa kule kunyamaza kwake kuliko mawimbi. Tulitupa mikungu ishirini majini, tukazifikia jaketi, tukachota maji zaidi ya saa nzima. Wavuvi wa omena waliokuwa wanatoka mapema kwa kazi yao ya usiku ndio waliotuona wakatuvuta.

Kesho yake fundi alifungua sehemu ya chini ya injini akanionyesha gurudumu dogo la mpira linaloenea kiganjani. Lilikuwa na mapanga sita, na matatu yalikuwa yamekatika. Akasema, "Hii ndiyo ilitaka kuwamaliza. Msiseme ni uzee. Injini iliwaambia siku tatu, mkakataa kusikia." Kwa ajili ya kile kipande cha mpira, pistoni ilikwaruzika na ikabidi inunuliwe nyingine. Pesa zilizoinunua zilikuwa sehemu ya karo yangu. Nilifungua muhula nikiwa nimechelewa wiki nzima.

Siku zilizobaki za likizo nilimshikia fundi huyo spana. Haya ndiyo niliyojifunza.

INJINI HII INAFANYAJE KAZI?

Boda boda nyingi tunazopanda hapa Marani zina injini ya mipigo minne. Ina oili yake ndani, na petroli huwaka mara moja kila shafti inapozunguka mara mbili. Injini nyingi kuukuu za mashua ni za mipigo miwili, sawa na ule msumeno wa petroli unaopasua mikaratusi yetu. Petroli huwaka kila shafti inapozunguka mara moja. Ndiyo maana injini hizi ni nyepesi lakini zina nguvu.

Jambo la kukumbuka ni hili: injini nyingi za namna hii hazina mahali pa kuhifadhi oili. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, ikapita pamoja nayo na kulainisha pistoni na beringi. Ukisahau oili, chuma kinasugua chuma kitupu, na dakika chache zinatosha kuiharibu.

Kutoka juu kwenda chini injini ina sehemu tatu. Juu ni kichwa, chenye pistoni, plagi na kabureta. Katikati ni mguu mrefu ambao shafti hupita ndani yake. Chini ni giaboksi, pampu ya maji na propela. Mtu asiyejua hutazama kichwa tu. Kumbe huko chini ndiko balaa nyingi huanzia.

KUCHANGANYA MAFUTA

Injini nyingi za mipigo miwili hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Hesabu yake si ngumu hata kwa aliyekimbia hisabati: lita 5 za petroli hutaka mililita 100 za oili, lita 10 hutaka mililita 200, na lita 20 hutaka mililita 400. Baadhi ya injini za zamani zaidi hutaka 25 kwa 1, yaani oili mara mbili ya hiyo. Usibahatishe. Soma kitabu cha injini, au maandishi yaliyo kwenye injini au tangi lake, kabla ya kumimina.

Oili yenyewe iwe ile ya injini za mashua za mipigo miwili. Oili ya gari haifai, kwa sababu ndani yake mna dawa ambazo zikiungua huacha majivu na masizi kwenye plagi na pistoni. Pia tumia chombo chenye alama za kupimia. Watu wengi hupima kwa kukisia macho, na macho hayana mililita. Oili ikipungua injini inakauka. Ikizidi inatoa moshi mzito, na plagi inalowa na kufa.

MAJI YA KUPOZA

Gari hupozwa kwa maji ya rejeta. Injini ya mashua hunywa maji ya ziwa lenyewe. Lile gurudumu la mpira, ambalo mafundi huliita impela, huzungushwa na shafti na kuyavuta maji kupitia matundu yaliyo chini, likayasukuma juu hadi kwenye kichwa. Maji yakishapoza hutoka nje, na sehemu yake ndogo hupitia kitundu cha pembeni ili mwenye injini aone. Mjomba husema injini "inakojoa". Msicheke, wenzangu! Daktari naye huuliza swali hilo hilo.

Basi kila unapoiwasha, tazama kitundu hicho kwanza. Maji yakitoka kwa nguvu, nenda. Yakiwa membamba au yasipotoka, zima hapo hapo. Inua mguu wa injini utazame kama matundu ya chini yamezibwa na tope, gugumaji au karatasi ya plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini takataka nyingine za plastiki bado zinaelea. Gugumaji nalo limewasumbua watu wa Ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990. Kisha pitisha waya mwembamba katika kitundu cha pembeni, maana nyigu hupenda kujenga humo injini ikikaa bila kazi.

Kama bado maji ni hafifu, impela imechoka. Mafundi wengi hushauri ibadilishwe kila mwaka au miwili hata kama haijakatika, kwa sababu mpira hukakamaa. Wakati wa kuweka mpya, ipake sabuni au grisi inayofaa mpira, kisha zungusha shafti upande ule ule inaozungukia injini ikiwaka, ili mapanga yalale vizuri. Na kama mapanga ya zamani yamekatika, tafuta kila kipande kilichopotea. Kipande kimoja kikibaki kwenye njia ya maji, kitaiziba, na impela yako mpya itakuwa kazi bure.

Mambo mawili ya kujiepusha nayo. Kwanza, usiwashe injini ikiwa nje ya maji, hata kwa kujaribu tu. Impela inayozunguka pakavu huungua upesi. Ukitaka kuijaribu nyumbani, itumbukize mguu katika pipa la maji yanayofunika matundu yake. Pili, injini ikipata moto kupita kiasi usiimwagie maji baridi, maana chuma chenye moto kikipozwa ghafula hupasuka. Iache ipoe yenyewe.

IKIKATAA KUWAKA

Fundi wangu alikuwa na kanuni: anza na visivyohitaji spana. Alisema watu humletea injini "iliyokufa", akaifufua kwa vidole viwili.

Kwanza, tazama skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, injini itawaka vizuri, itembee kidogo, kisha izime kama mtu aliyezibwa pua. Petroli haiwezi kutoka tangini bila hewa kuingia. Pili, bana lile puto la mpira lililo kwenye mpira wa mafuta hadi liwe gumu, na uhakikishe mshale wake unaelekea kwenye injini. Tatu, hakikisha kile kipande cha usalama chenye kamba ya kufunga mkononi kipo mahali pake. Kikitoka, injini haiwaki. Nne, gia iwe katikati. Tano, injini baridi hutaka choki, lakini yenye moto haitaki.

Ikigoma bado, fungua plagi uisome rangi. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi na yenye kulowa oili maana yake mafuta au oili imezidi, au plagi haichomi. Nyeupe kabisa ni onyo: injini inapata moto mno au petroli haiifikii ya kutosha. Isafishe plagi, au ibadilishe kwa nyingine ya namba ile ile. Kila mashua ibebe plagi moja mpya na spana yake.

Ikiwa plagi inatoa cheche nzuri na bado kimya, shuku kabureta. Petroli iliyokaa miezi hukauka na kuacha utando kama gundi, nao huziba vitundu vidogo vya ndani. Maji pia huingia tangini, hasa kwa wale wanaouziwa petroli ya mitungi ufuoni. Fungua kichujio utazame kama pana matone yaliyolala chini. Dawa ya utando ni kinga: ukijua injini itapumzika wiki kadhaa, chomoa mpira wa mafuta huku ikiwa inanguruma ndani ya maji, iache imalize petroli iliyo kwenye kabureta mpaka izime yenyewe.

GIABOKSI NA PROPELA

Giaboksi ina oili yake nzito, haihusiani na ile ya petroli. Ina skrubu mbili, ya juu na ya chini. Fungua zote mbili uimwage na uichunguze. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na sili zimechoka. Ukiona vipande vya chuma vinavyomeremeta, gia zinalika. Oili mpya hujazwa kutoka tundu la chini kwenda juu hadi itokeze kwenye tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Funga la juu kwanza, kisha la chini. Kwa kazi ya kila siku, vitabu vya injini nyingi hutaka oili hiyo ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au miezi sita.

Adui mkubwa wa giaboksi ziwani ni uzi wa nyavu. Hujizungusha kwenye shafti nyuma ya propela, ukaikata sili polepole kama wembe, na maji yakaingia. Kwa hiyo toa propela mara kwa mara, ondoa nyuzi zote, paka shafti grisi na urudishe.

Injini ndogo za zamani huwa na pini laini inayoshika propela. Propela ikigonga jiwe, pini hukatika ili gia zisivunjike. Kuna watu ambao pini ikikatika huweka msumari mgumu, wakajiona wajanja. Siku ya jiwe la pili msumari hautakatika, zitavunjika gia. Nunua pini mbili tatu uziweke mfukoni.

IKIZAMA

Hutokea injini ikachomoka ikatumbukia. Ukiitoa majini, usiiache juani ikauke! Kutu huanza mara hewa inapoingia, na katika maji ya chumvi ni haraka zaidi. Ioshe kwa maji safi, toa plagi, igeuze matundu yatazame chini na uvute kamba polepole mpaka maji yote yatoke. Mwaga maji ya kabureta. Tia oili kidogo kupitia matundu ya plagi, vuta tena, kisha weka mafuta mapya na uiwashe siku hiyo hiyo. Lakini kamba ikiwa nzito au ukisikia mkwaruzo wa mchanga, usilazimishe. Mwite fundi aifungue.

Wenzetu wa Lamu na Mombasa wana kazi moja ya ziada. Kwa kuwa bahari ni chumvi, injini inayotoka kazini hupitishiwa maji baridi yasiyo na chumvi kwa muda wa dakika kumi hivi, la sivyo chumvi hukauka katika njia za maji na kuzila.

KUNUNUA ILIYOTUMIKA

Injini hizi zina historia ndefu. Anayekumbukwa zaidi ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyelelewa Marekani, ambaye mwaka 1909 alianza kuuza injini za kufunga nyuma ya mashua. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa yake ya kwanza mwaka 1960, na jina hilo utaliona ufuo baada ya ufuo. Lakini majina nayo hufa: mwaka 2020 kampuni iliyomiliki jina la Evinrude ilitangaza kwamba haitatengeneza tena injini hizo. Kwa hiyo kabla ya kununua injini kuukuu kwa sababu ni rahisi, uliza swali moja: impela yake naipata wapi? Ukijibiwa "tutatafuta", rudi nyumbani na pesa zako.

Na tusifiche ukweli. Injini za mipigo miwili zenye kabureta hutupa sehemu ya petroli na oili majini bila kuungua, na ziwa hilo ndilo watu wanalonywa na kuvua. Injini mpya za mipigo minne hupunguza uchafu huo, na za umeme zimeanza kuonekana ziwani. Siku moja hizi kuukuu zitaondoka. Lakini mtu kama mjomba hawezi kununua mpya kesho, na injini iliyopimiwa oili sawasawa na yenye kabureta safi huchafua kidogo kuliko iliyopuuzwa.

TAMATI

Siku hizi mjomba ana daftari limefungwa kwa kamba kwenye tangi. Humo huandika tarehe ya impela, ya plagi na ya oili ya gia. Ana makafi mawili. Jaketi watu huzivaa kabla ya kamba kuvutwa, na asiyetaka hubaki ufuoni. Mama bado humtumia ndizi.

Likizo iliyofuata nilipanda tena mashua ile ile yenye injini ile ile. Yule mama wa siku ile naye alikuwamo, mtoto wake sasa anatembea. Mjomba alipovuta kamba, hakuna aliyesema neno. Sote watatu tuliinama tukatazama pembeni. Maji yalitoka kwa nguvu. Ndipo tukaketi, tukaondoka.

Vijana wenzangu, hata kama hutawahi kukanyaga ufuo wa Mbita, nyumbani kwenu kuna mashine ya kusaga, boda boda au bomba la maji linalotoa sauti ambayo jana halikuitoa. Isikilize leo.